Shamba Alilotoa Baba

Sehemu ya sita

Faustina hakupiga kelele.

Tulipoachana naye Jumapili iliyopita alikuwa amesimama katikati ya kwaya, joho la kijani mwilini, huku kanisa zima likimpigia baba yake makofi. Wasomaji wengi walibashiri kwamba angezimia, au angemrukia dada yake hapo hapo madhabahuni. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti na kutoka kwa mlango wa pembeni. Kwaya ikaendelea kuimba, sauti moja pungufu.

Wewe uliyelikamata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, usipate shida. Baba anayesemwa ni Mzee Bartholomeo, mgane, mkulima wa nyanya wa Ilula. Asubuhi ile alisimama mbele ya washarika wenzake, akaegemea fimbo, akatamka kwamba siku Mungu atakapomwita, shamba lake la bondeni na nyumba iliyomo viwe mali ya usharika. Aliyewafundisha watu kuandika wosia na kulikumbuka kanisa ni binti yake mkubwa, Mwalimu Eveline, katibu wa kamati ya uwakili, ile inayoshughulika na matoleo. Na anayeishi ndani ya nyumba hiyo, anayelilima shamba hilo tangu mama yao akiwa hai, ni Faustina, mdogo wake Eveline.

Eveline alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Mchungaji Sifaeli akamwinamia, akamwomba aseme neno la shukrani kwa niaba ya kamati.

"Mungu ambariki Mzee wetu," akasema. Vigelegele vikapanda tena.

Alimkuta mdogo wake nyuma ya kanisa, bombani, ananawa uso.

"Fau, subiri."

"Nasubiri nini, Dada?"

"Sikujua. Baba hakuniambia kitu."

"Miezi yote hii unamfundisha. Anakaa kiti cha mbele anakusikiliza. Ulidhani anasikiliza nini?"

Eveline akanyoosha mkono amshike bega.

"Kalenga nilifukuzwa na ndugu wa mume, udongo wa kaburi lake haujakauka," Faustina akasema. Hakupandisha sauti. "Nikarudi kwa Baba na godoro na sufuria mbili. Lile shamba lilikuwa magugu matupu. Nani kalifufua?"

"Ni wewe."

"Basi kule Kalenga walionifukuza walikuwa watu. Mtu unaweza kumshtaki. Hapa nikamshtaki nani?"

Akina mama wawili wa kwaya wakapita. Mmoja akamshika Faustina mkono. "Hongereni sana mwenzetu. Familia yenu imebarikiwa kweli."

"Asante," Faustina akaitikia, akatabasamu. Walipopita akafunga bomba na kushika njia ya bondeni peke yake.

* * *

Mchana huo Eveline alimfuata baba yake nyumbani. Alikuwa amejiandaa kugombana.

Mzee Bartholomeo alikuwa ameketi uani, amevua viatu vya kanisani, anapukuchua mahindi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa, mama."

"Sikai. Baba, umemfanyia nini Faustina?"

"Nimemjengea ukuta."

Eveline akadhani hakusikia vizuri. "Umemnyang'anya nyumba, Baba."

"Kaa, nimesema."

Akakaa.

"Rozalia unamkumbuka?" Mzee akauliza. "Binti wa marehemu kaka yangu."

Nani asiyemkumbuka Rozalia. Baba yake alimwachia eka mbili mbele ya ukoo mzima. Alizipigania kikaoni akashinda, akaenda baraza la kata akashinda. Kaka zake wakawa wanalima kila msimu wakisogea, mpaka jembe likafika kizingitini kwake. Sasa Rozalia anakimbilia madirisha ya mabasi pale barabarani, ndoo ya nyanya kichwani.

"Nikimwachia Faustina kwa jina lake," Mzee akasema, "Timotheo atakuja kutoka Mbeya. Ni mwanangu, nampenda, lakini namjua. Arobaini haitafika, ameshaliuza. Sasa nikasema nilitoe kwa kanisa. Nani atapigana na kanisa? Faustina atakaa mle, atalima, atakula, atazeeka. Siku naye akifa, basi, wachukue."

Eveline alihisi kama mtu aliyenyanyuliwa kutoka shimoni. Kumbe mzee alikuwa amefikiri kuliko wote.

"Lakini Baba, hayo ya Faustina kukaa mle hukuyasema kanisani."

Mzee akaacha kupukuchua. Akamtazama binti yake kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe uliyekataza?"

"Mimi?"

"Yule mwenzetu aliyetaka kutoa miti ya mbao, halafu jina lake lichorwe ukutani. Ulimwambia mbele ya watu wote, anayempa Mungu asiweke masharti. Sadaka yenye masharti ni biashara. Ulisema hivyo. Nikaona nami nikisimama pale na masharti yangu, nitamwaibisha mwanangu."

Kuku walikuwa wanadonoa punje miguuni pao. Eveline akawatazama, maana uso wa baba yake hakuweza kuutazama.

"Baba," akasema, "lile lilikuwa jambo la jina ukutani. Hili la Faustina ni jambo lingine kabisa. Tuliandike sasa hivi. Naingia ndani nachukua kalamu."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mimi sijui kuandika, nitaweka dole gumba. Nikiliweka hapa uani, mimi na wewe, watasema umenishika kidole. Jumatano muite mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji. Na Jumapili nitasimama tena, niseme kwa mdomo wangu. Kuna ugumu gani?"

"Hakuna, Baba."

Hakukuwa na ugumu wowote. Eveline akashuka bondeni karibu anakimbia. Faustina alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya kijiti, halafu akakaa chini palepale kwenye tuta na kulia.

"Kwa hiyo Baba alikuwa ananiwaza mimi," akasema.

"Wewe tu."

Jioni ile dada hao wawili walikula pamoja, ugali na majani ya maboga, na walicheka. Niliandike hilo, maana hawakucheka tena baada ya hapo.

* * *

Jumatatu asubuhi Mzee Bartholomeo alishuka shambani kufungulia maji. Faustina ndiye aliyemkuta. Mpira ulikuwa unamwaga maji ovyo, tuta limebomoka, na mzee amelala ubavu kwenye tope, mdomo umepinda upande mmoja.

Walimpakia kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka nyanya Iringa mjini. Wakasogeza matenga, wakamlaza katikati. Njia nzima alikuwa anamtazama Faustina na kujaribu kusema kitu. Kilichotoka kilikuwa mngurumo.

"Kiharusi," daktari akasema. "Upande wa kulia, na ulimi. Tushukuru hakikumchukua."

"Ataongea lini?" Eveline akauliza.

"Wengine huongea baada ya siku chache. Wengine miezi. Wengine," daktari akainua mabega, "siwezi kukudanganya, Mwalimu."

Jumatano ikafika. Mchungaji alikuwepo wodini na mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo. Dole gumba la kulia la Mzee lilikuwa limelala juu ya shuka, halina habari na mtu.

Eveline akamfuata Mchungaji Sifaeli hadi ofisini kwake Ilula, akamweleza kila kitu. Mchungaji alikuwa kijana mpole, hana mwaka mmoja usharikani. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Nakuamini," akasema.

"Basi waambie wazee wa kanisa."

"Nitawaambia. Wataniuliza, Mchungaji, wewe ulimsikia Mzee akisema hivyo? Nitajibu sikumsikia. Wataniuliza, aliyesikia ni nani? Nitajibu ni Mwalimu. Wataniuliza, Mwalimu ni nani wa Faustina?"

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo, Mwalimu. Ila kanisa zima lilisikia maneno ya Jumapili. Maneno ya uani uliyasikia peke yako." Akakunja vidole vyake, akavikunjua. "Nitasema nakuamini. Halafu watapiga kura."

Eveline hakuwa ametoka hata getini simu ilipoita. Ilikuwa Faustina, ambaye alikuwa amerudi bondeni kumwagilia.

"Dada, kuna watu huku wanapima shamba."

"Watu gani?"

"Wana kamba na vigingi. Njoo tu."

Timotheo. Jina hilo lilimjia kabla hajakata simu. Kaka yao, mtoto wa mwisho, alipigiwa simu Jumatatu huko Mbeya akajibu neno moja, nakuja. Kumbe alikuja kupitia shambani kwanza. Eveline akachukua bodaboda, akamwambia dereva asijali mashimo.

Hakuwa Timotheo.

Katikati ya nyanya alisimama Mzee Ezron, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kofia mkononi. Kando yake fundi wa ujenzi alikuwa anavuta kamba. Kigingi kimoja kilikuwa kimepigwa nyuma ya jiko la Faustina, karibu kabisa na mafiga. Na Faustina mwenyewe, kwa mazoea yake ya kukarimu kila anayekanyaga uwanja wake, alikuwa amewaletea chai. Walikuwa wameshainywa.

"Bwana asifiwe, Mwalimu," Ezron akasema.

"Amina. Mzee Ezron, Baba yuko hai."

"Tunamwombea kila siku apone. Kamba haiui mtu. Tunapima tu tujue panatosha nini."

"Panatosha nini?"

"Zahanati."

Eveline alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Ezron akamtangulia, kwa sauti ya chini.

"Unajua mkwe wangu alijifungulia njiani, kwenye gari, kabla ya kufika Iringa. Mtoto hakufika. Unajua, maana ulikuja msibani ukaimba nasi. Wewe ndiye uliyetuambia, mtu mmoja akiacha kipande cha ardhi, wanawake wa huku hawatafiwa tena na watoto barabarani. Mimi nililia siku ile. Leo kipande kimepatikana. Unataka nikae?"

"Nataka uniambie Faustina ataishi wapi."

"Kanisa halimtupi mtu. Kile chumba nyuma ya ofisi, kile cha viti, tutakisafisha."

"Atalima nini ndani ya chumba?"

Ezron akageuza kofia yake mikononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkata Eveline maini. Angekuwa mbaya angemchukia, akapata pa kushika.

"Baba alitaka Faustina akae hapa maisha yake yote," akasema. "Aliniambia."

"Na akisema, nitang'oa vigingi hivi kwa mkono wangu," Ezron akajibu. "Kesho nakwenda kumwona. Tumwombe Mungu amfungue ulimi. Neno lake moja tu linanitosha, Mwalimu. Lake, siyo lako."

Faustina alikusanya vikombe, akauliza kama kuna anayetaka kuongezewa.

* * *

Timotheo alifika Iringa alfajiri ya Alhamisi, amepanda fuso la viazi kutoka Uyole. Eveline alipoingia wodini alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, paji la uso limegusa mkono wa baba yake, analia. Macho ya mzee yalikuwa yamefumba, amelala. Eveline alisimama mlangoni, hasira zote alizokuwa amezihifadhi zikamkimbia. Tangu mazishi ya mama yao hakuwa amemwona mdogo wake huyu. Amekonda. Jaketi lake lilikuwa na harufu ya oili ya gereji.

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la kusubiria.

"Habari ya shamba nimepigiwa simu na watu baki," Timotheo akasema. "Baba yako katoa shamba, wewe una habari? Nikasema ninayo. Nikadanganya nisionekane mjinga. Baba hakunitaja hata kwa bahati mbaya, Dada. Kanisa lina jina, mimi sina."

"Baba anakupenda. Amesema kwa mdomo wake."

"Alisema hivyo?"

"Jumapili."

Timotheo akafuta uso kwa kiganja. Halafu akasogea karibu.

"Dada, wewe umesoma, watu wanakuheshimu. Kiharusi hakiji siku moja. Wewe sema tu kwamba Jumapili ile Baba alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa. Ukisema wewe, mfundisha wosia mwenyewe, hakuna atakayebisha. Kanisa litaachia."

Eveline alikuwa amelala na wazo hilo hilo. Alikuwa amelifukuza, likarudi, akalifukuza tena.

"Likishaachia, shamba linakwenda kwa nani?"

"Linarudi nyumbani."

"Kwa nani, Timo?"

"Mimi ndiye wa kiume."

"Na Faustina?"

"Nani atamfukuza dada yangu?"

"Twende basi Ilula, useme hivyo mbele ya mchungaji na ukoo. Sema hutaliuza na Faustina hataguswa. Mimi nitasema Baba alichanganyikiwa. Nitabeba dhambi hiyo mwenyewe."

Timotheo akatazama viatu vyake.

"Gereji nimefunga," akasema. "Watoto nimewapeleka kwa bibi yao Tukuyu. Lile shamba liko karibu na barabara kuu, Dada, watu wa vituo vya mafuta wanalitaka tangu zamani. Siwezi kukuahidi kitu ambacho sijui kama nitakiweza."

Hapo ndipo Eveline alipoona alivyofungiwa. Akisema baba yake alikuwa na akili timamu, vigingi vya Ezron vinabaki. Akisema hakuwa nayo, anakuja mwenye kituo cha mafuta. Kila njia ilipita juu ya jiko la Faustina. Na aliyeifungua njia yenyewe ni yeye, kwa kipaza sauti, watu wakimwitikia amina.

Timotheo akasimama. "Ngoja nikamtafutie uji. Labda leo atameza."

* * *

Saa ya kuona wagonjwa Mzee Ezron alifika kama alivyoahidi, na Faustina pamoja naye, walipanda gari moja kutoka Ilula. Faustina alikuwa amebeba shuka safi. Nesi wa zamu, mama mmoja anayeitwa Mwantumu, alikuwa anamweka mzee sawa kwenye mito.

"Leo kuna nafuu," nesi akasema. "Ameanza kutafuta maneno. Asubuhi amesema maji, nimemsikia mwenyewe."

Eveline akasogea kitandani. "Anaelewa anachoambiwa?"

"Anaelewa vizuri sana. Nikimwambia ainue mguu wa kushoto anainua. Nikimtania anakasirika. Akili yake nzima, mama, ni ulimi tu."

Ezron akamtazama Eveline. Eveline akamtazama Ezron. Walielewana bila kusema.

Mara ngapi Eveline alikuwa amelifundisha somo hili mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mwenye wosia wa mdomo awe na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Akahesabu waliokuwepo. Yeye na Faustina. Ezron na nesi. Isingewezekana kupangwa vizuri zaidi.

"Nesi, nakuomba usitoke kwanza," akasema. "Mzee Ezron, sogea hapa uone mdomo wake. Fau, kaa huku miguuni."

"Dada, usimchoshe," Faustina akasema.

"Swali moja tu."

Akainama. Macho ya baba yake yalikuwa wazi, safi, yanamjua.

"Baba, ni mimi Eveline. Unanisikia?"

Mzee akafumba macho, akafumbua.

"Baba, shamba la bondeni. Lile ulilolisema kanisani. Siku ukiondoka, nani akae mle? Taja jina tu, Baba. Jina moja."

Wodi ilikuwa na watu wengine, wanaongea, wanamenya machungwa. Midomo ya mzee ilianza kuhangaika. Upande mmoja ulikwenda, mwingine ukagoma. Mshipa wa shingo ukasimama. Eveline akaushika mkono wake wa kushoto, akawa anatamka naye kimoyomoyo, Fau, Fau, Baba, sema Fau.

Kisha macho ya mzee yakamwacha binti yake. Yakapita juu ya bega lake, yakaenda mlangoni, yakajaa machozi.

"Ti," akasema. "Ti-mo-theo."

Lilitoka lote, wazi kuliko jambo lolote alilosema tangu Jumatatu.

Eveline akageuka. Mlangoni alisimama Timotheo, ameshika chupa ya uji. Mwanawe alipofika alfajiri, mzee alikuwa amelala. Hakuwa amemwona tangu mazishi ya mkewe.

"Anamwita," Eveline akasema haraka. "Amemwona mlangoni, anamwita. Hajajibu swali. Mmeona macho yake yalikokwenda? Mzee Ezron, umeona?"

"Nilikuwa natazama mdomo, Mwalimu," Ezron akasema taratibu. "Ulinituma nitazame mdomo."

Alikuwa amekuwa mzee ghafla. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa, kofia yake ikaanguka chini asiiokote. Zahanati yake nayo ilikuwa imeondoka na neno lile lile.

"Nesi?"

"Mimi nimesikia Timotheo," Mwantumu akasema, akiwatazama mmoja mmoja. "Kwani Timotheo ni nani?"

"Ni mimi," Timotheo akasema kutoka mlangoni. "Kuna nini? Mmemuuliza nini Baba?"

Eveline alikuwa na nafasi ya kusema chochote, kwamba walimuuliza anataka kumwona nani, au nani amletee uji. Uongo mdogo, usio na gharama. Alifungua mdomo, akamwona Ezron, mtu aliyesema ataamini neno moja tu la mzee, anamsubiri.

Faustina ndiye aliyejibu.

"Dada amemuuliza nani akae shambani," akasema.

"Na Baba akasema nini?"

"Fau, nyamaza," Eveline akasema.

"Nimesikia, Dada. Nikisema sikusikia nitakuwa nasema nini?" Faustina alichukua kitambaa, akamfuta baba yake mate yaliyokuwa yanatiririka kidevuni, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. "Amesema Timotheo."

Mkono wa kushoto wa mzee ukakaza ghafla kwenye kifundo cha mkono wa Eveline. Ukakaza mpaka ukauma. Alikuwa anatikisa kichwa, au kichwa kilikuwa kinatetemeka tu, hakuna ambaye angeweza kuapa. Akafungua mdomo tena. Akauacha wazi muda mrefu, macho yamemtoka, yanakwenda kwa Faustina, yanarudi, yanakwenda tena. Safari hii haikutoka hata silabi.

Timotheo aliingia, akaweka chupa ya uji juu ya kikabati, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alimtazama baba yake. Alimtazama Faustina, akashindwa kuendelea kumtazama. Kisha akamgeukia shahidi pekee kando ya kitanda kile ambaye hakuwa ndugu wala msharika.

"Samahani, nesi," akasema kwa adabu. "Jina lako kamili ni nani?"